Mulamula wa Mistari ya Njano

Kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu yeyote, Kagoya huchukua sufuria ya maji aliyooshea vyombo usiku uliopita, hutumbukiza kitambaa ndani yake na kushuka nayo shambani. Huanzia juu, karibu na jiko. Hupangusa jani, huligeuza kuona kama kuna wadudu weupe upande wa chini, humwaga maji kidogo shinani, kisha husogea kwenye mmea unaofuata. Ukimsalimia wakati huo haitiki. Nilipopanga chumba kwake hapa Wanyange, mwanzoni mwa mwaka 1997, nilidhani nimemkosea.

Mimea yenyewe ni milamula. Shina lake ni jembamba kama bakora, na majani yake marefu hujikunja kuelekea chini kama ya mhindi. Huku Busoga, na hata kwetu Mbale, mulamula ndio mpaka. Watu wengi hawana ukuta wala seng'enge. Wana mstari wa milamula, na kila mtoto anajua kwamba ng'ambo ya mstari ule si kwao. Jua kali hauliogopi. Ng'ombe na mbuzi hawautaki. Ukiukata, kisiki chake huchipua, na kile kipande ulichokikata, ukikidunga kwenye udongo wenye unyevu, nacho hushika mizizi.

Milamula ya watu wengine ni ya kijani kitupu. Ya Kagoya ina mstari wa njano katikati ya kila jani, kama mtu aliyepitisha brashi ya rangi. Jua la asubuhi likiipiga, ukiwa kule barabarani unaiona inang'aa, ikishuka mteremko kuelekea ziwani. Lakini haifiki ziwani. Inapofika nusu ya mteremko inapinda ghafla kuelekea nyumbani kwake, inapita karibu kabisa na choo, na kuishia hapo. Mwanzoni niliona kona ile ni ya ajabu tu. Mtu gani anaweka mpaka uliopinda kama kiwiko?

Historia yake aliisimulia kwa vipande, jioni, tukichambua maharage. Tuliongea Kiswahili kwa sababu yeye alikuwa mke wa mwanajeshi na mimi nililelewa katika nyumba za polisi Mbale. Majirani walimtania kwa hilo. "Kagoya anaongea na mpangaji wake lugha ya bunduki," walisema. Yeye alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, mpaka hadithi ilipofika kwa Konradi.

Konradi ni mdogo wake. Mama yao alipofariki, mtoto huyo alikuwa hajaota meno, na Kagoya mwenyewe alikuwa binti wa kuchota maji. Alimbeba mgongoni akilima, akipika, akienda kanisani. Konradi alimwita mama mpaka alipoanza shule. Wenzake walipomcheka, ndipo akabadili na kumwita dada. "Siku hiyo nililia," Kagoya aliniambia, "halafu nikajiambia, ala, si kweli mimi ni dada yake?"

Aliolewa na mwanajeshi, akaenda kuishi Jinja. Hiyo ilikuwa miaka ile Wahindi walipofukuzwa na nyumba zao kupewa wakubwa wa jeshi. Mumewe alikuwa akilinda nyumba ya mkubwa mmoja, na nyumba hiyo ilikuwa ya familia ya Dhirajlal. Barazani kulikuwa na chungu kilichopasuka, na ndani yake mulamula wenye mistari ya njano ukifa kwa kiu. Kagoya hakuwahi kuona mulamula wa namna hiyo. Alivunja tawi moja, akalificha kwenye kikapu cha ndizi. Mumewe alipofariki, alirudi Wanyange kwa baba yake akiwa na binti mmoja, sanduku moja, na mmea ule kwenye mkebe.

Baba yake aliutazama. "Huu ni mulamula uliovaa tai," alisema.

Mzee huyo alifanya jambo ambalo wanaume wengi wa hapa hawafanyi. Alimgawia binti yake ardhi. Shamba lake lilikuwa refu, kutoka barabarani hadi ziwani, naye aliligawa kwa urefu: upande mmoja wa Konradi, upande mmoja wa Kagoya. Upande wa Konradi chini uliishia kwenye mawe. Wa Kagoya chini ulikuwa na tope jeusi na kijichemchemi kisichokauka hata mwezi wa pili. Siku ya kupanda mpaka, mzee aliwashikisha wote wawili shina moja la mulamula, la kijani kitupu, kila mmoja akatupia udongo wa mkono wake. Ndivyo inavyofanywa. Mkono ulioushika mmea umekubali, na mwenye mkono hawezi kuja baadaye kusema hakuwepo.

Halafu mzee akaongeza neno ambalo Kagoya alilikumbuka akiwa amechelewa. Mulamula hauuzwi, wala hauzawadiwi. Unaotesha, unapanda na mwenzako, basi. Ukimpa mtu miche ya mulamula, maana yake umempa mpaka.

Mzee alifariki. Wahindi wakaanza kurudi Jinja, wakafungua tena maduka, wakapaka rangi nyumba zilizokuwa zimeota ukungu. Kagoya aliona watu wanatafuta maua ya barazani, naye chini kule kwenye tope jeusi alikuwa na kitalu. Mulamula mmoja wa kwenye mkebe ulikuwa umezaa mingi. Alianza kuipeleka Bugembe na kuipanga kando ya barabara kuu ya kwenda Iganga.

Mteja wake wa kwanza wa maana alikuwa Dhirajlal mwenyewe, mzee sasa, ameshuka garini kwa taabu. Aliinama, akashika jani.

"Huu umeutoa wapi, mama?"

Kagoya ni mtu asiyejua kuzunguka. "Barazani kwako, bwana."

"Kwa hiyo unaniuzia mmea wa mama yangu?"

"Wa mama yako ulikuwa unakufa. Huu ni mjukuu wake."

Dhirajlal alicheka mpaka akashika kiuno. Akanunua yote, na baada ya hapo akawaleta wenzake. Kagoya alijenga jiko jipya. Akamlipia binti yake Night shule mpaka akamaliza. Yote hayo yalitoka kwenye lile tope la chini.

Jirani yake Fatumah, aliyekuwa rafiki yake tangu utoto, hakupenda. Alisimama siku moja mbele ya mikebe kule Bugembe, mikono kiunoni.

"Kagoya, sasa unauza mipaka?"

"Nauza maua, Fatumah."

"Maua! Baba yako angekusikia."

"Muhindi hajui mpaka. Yeye anaweka karibu na kochi."

Wote wawili walicheka. Kosa lake lilianzia hapo, alivyoniambia. Alikuwa ameuza mulamula siku nyingi kiasi kwamba akiutazama aliona ua tu. Watu wengine wa kijijini walikuwa bado wanaona kile alichokiona baba yake.

Mwaka 1995, kabla ya mvua za masika, Konradi alikuja kumtembelea. Alikuwa askari magereza Mbale, amenenepa, viatu vinang'aa. Watoto wa jirani walimpigia saluti njiani wakimwita afande, naye akawarudishia. Alikula vizuri, akasifu mchuzi. Kisha akasema, "Dada, kwangu Namatala pamekuwa kama kiganja. Hakuna hata jani. Watu wanapita uani kama sokoni."

"Panda kitu."

"Nipande nini, mimi mkono wangu wa bunduki? Nipe ile yako ya njano. Nizungushie ua. Wenzangu wataniona mimi nani?"

Kagoya alifurahi. Konradi hakuwahi kumwomba kitu ambacho angeweza kukitoa kwa mkono wake mwenyewe. Siku zote mahitaji yake yalikuwa ya kimjini. Kagoya alichagua mashina bora. Aliyakata kwa mshazari, akayalaza kivulini mpaka majeraha yalipokauka, kwa sababu ukipanda shina bichi linaoza. Akalifunga kila moja kwenye maganda ya mgomba yaliyojaa udongo mweusi, akayapanga kando ya chemchemi. Aliyamwagilia asubuhi na jioni. Majani mapya yalipotokea, kila moja na mstari wake wa njano, alimtumia Konradi salamu aje. Konradi alikuja na pikapu ya rafiki yake, akaipakia miche mmoja mmoja, taratibu, kama mayai.

"Mungu akubariki, dada."

"Usiimwagilie jua likiwa kali," Kagoya alimwambia.

Miche ile haikuvuka Bugembe. Hilo alilijua baadaye sana. Iliwekwa nyuma ya duka la mtu, ikasubiri.

Wiki chache baadaye mvua zikaanza, na salamu zikaja kutoka Mbale: Ritah, mke wa Konradi, anakaribia kujifungua, hana mtu wa kumsaidia. Kagoya aliacha kila kitu. Alipanda basi la Mbale akiwa na kuku mmoja na unga wa mtama kwa ajili ya uji wa mzazi. Namatala alikuta matope, chumba kimoja na sebule, uani patupu kama alivyoambiwa. Mtoto alizaliwa salama. Alipopata nafasi ya kupumua, alizunguka nyumba akitafuta milamula yake.

"Konradi, iko wapi?"

"Aa, dada, usiniulize. Mbuzi wa Namatala wanakula mpaka sabuni. Waliimaliza kabla sijaipanda."

Kagoya alicheka. Ritah, kitandani na mtoto, hakucheka.

Hapa ndipo Kagoya alipokuwa akisimama kila aliponisimulia. Alikuwa akiweka ungo wa maharage chini. "Mimi nilijua mbuzi hali mulamula," alikuwa akisema. "Tangu nikiwa mtoto najua. Ndiyo sababu watu wanaupanda. Nilijua, na nikacheka."

Alikaa Mbale karibu masika yote. Mara nyingi Konradi hakuwepo. Alisema yuko zamu, wafungwa wamekuwa wakorofi. Kagoya alimkanda Ritah kwa maji ya moto, akamwosha mtoto, akafua, akapika. Aliposema anataka kwenda kuangalia kitalu chake, Konradi alimwambia, "Mvua inanyesha, dada. Mvua inamwagilia. Wewe pumzika kidogo."

Siku ya kuondoka, Ritah alimng'ang'ania mlangoni akilia kwa kwikwi. "Dada, kaa. Kaa kidogo tu." Kagoya alidhani ni udhaifu wa uzazi na upendo. Alimfuta machozi kwa ncha ya gauni lake la gomesi, akaenda kupanda basi.

Aliposhuka barabarani Wanyange ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika. Alitazama chini kuelekea kwake, akaona mstari wa milamula ya njano ukimeremeta kwa maji. Aliniambia hili bila aibu, na mimi naliandika kama alivyolisema: kitu cha kwanza alichosikia moyoni kilikuwa furaha. Aliona jinsi ilivyoshika vizuri. Hakuna hata mmoja uliokufa. Akawaza, nani huyu mwenye mkono mzuri namna hii?

Alitembea hatua kadhaa zaidi ndipo akatambua kwamba anatazama shamba lake mwenyewe, na kwamba chini ya ule mstari, kwenye tope jeusi, kitalu chake kimefyekwa. Mtu asiyemfahamu alikuwa anapima ardhi kwa kamba. Milamula ya kijani aliyopanda na baba yake, ile iliyokuwa ikishuka moja kwa moja hadi majini, ilikuwa imekatwa karibu na udongo. Wenyeji wasingekubali kuikata. Konradi alileta vibarua kutoka mbali, watu wasioogopa mpaka wa hapa.

Kesi ilisikilizwa na baraza la kijiji. Mwenyekiti alikuwa Mzee Zubairi, mtu mpole, anayependa mambo yaishe. Walikaa palepale shambani, kama desturi ya kesi za ardhi inavyotaka. Konradi alikuja na sare zake.

"Wazee wangu," alisema, "mimi na dada yangu tuligawana upya. Mimi ni mwanamume, nina watoto, yeye binti yake ameolewa. Tulikubaliana nichukue huku chini. Nimemuuzia bwana huyu. Sasa dada amebadili mawazo. Mimi sitaki maneno mengi. Muulizeni yeye mwenyewe mimea hii imetoka wapi."

Zubairi alikata jani la njano, akampa Kagoya alishike.

"Kagoya, mulamula huu nani aliuotesha?"

Kagoya alilitazama jani. Hakuna mtu mwingine katika kijiji kizima aliyekuwa na mulamula wa namna ile. Hata kama angetaka kusema uongo, jani lenyewe lilikuwa linaonekana.

"Mimi."

"Ukampa Konradi kwa mkono wako?"

"Nilimpa. Alisema anaupeleka Mbale."

"Mbale una mpaka gani na yeye?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, aliniambia. Lilikuwa tu swali zuri.

"Alisema ni wa kupamba ua wake."

"Mulamula wa kupamba!" mzee mmoja alisema nyuma. "Tangu lini?"

"Wahindi wanapamba," mwingine akadakia. "Kwani Konradi amekuwa Muhindi?"

Wakacheka tena, na safari hii hata Konradi alicheka. Kagoya aliwaonyesha visiki vya zamani, ambavyo vilikuwa vimeanza kuchipua, vijani vidogo vya kijani vikitokeza kwenye majeraha. "Angalieni wenyewe. Baba bado yuko hapa." Zubairi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mpaka mpya ukipandwa, alisema, wa zamani hukatwa, hilo halishangazi. Kisha akamwita Fatumah, aliyejua kila kitu cha Kagoya kuanzia utotoni. Kagoya alishusha pumzi. Fatumah alijua jinsi alivyolipenda tope lile. Fatumah alijua kwamba asingekubali kulitoa hata kwa mtoto wake.

Fatumah alitazama chini. "Mimi nilimwambia asitoe mulamula ovyo," alisema. "Alinicheka." Akakaa.

Basi ikawa hivyo. Mkono uliootesha mmea wa mpaka umeukubali mpaka. Zubairi aliwataka ndugu hao washikane mikono, nao walishikana, mbele ya wote.

Sasa huko chini kuna ukuta wa matofali, na nyuma yake nyumba yenye bati jekundu. Chemchemi imo ndani ya ukuta. Juu kwenye mteremko mkavu Kagoya amebakiwa na mikebe michache karibu na jiko, na miche yake hufa kila kiangazi. Bugembe haendi tena. Anapangisha vyumba, na anafua nguo za walimu. Fatumah bado anakuja kuomba chumvi, naye anampa.

Konradi nilimwona mara moja, Krismasi iliyopita. Alikuja na mkate na sukari, akambusu Kagoya shavuni, akaita kwa sauti kubwa mpaka nje, "Dada, bado umeninunia?" Kagoya alimchinjia kuku, na alipopakua akampa firigisi, kama apewavyo mwanamume mwenye heshima nyumbani. Baada ya kula walishuka pamoja kutazama shamba. Mimi nilikuwa naanika nguo. Konradi alisimama mbele ya mstari wa njano, akapiga mruzi wa kustaajabu.

"Inapendeza! Mkono wako, dada, ni wa baraka."

"Ndiyo," Kagoya alisema.

Jumapili iliyofuata mchungaji alimtaja kanisani, bila jina lakini kila mtu alijua. Alisema yupo mama katikati yetu aliyenyang'anywa na damu yake mwenyewe, lakini kila asubuhi anaumwagilia maji mpaka ule ule uliomdhulumu, na kama huo si msamaha, basi yeye hajui msamaha ni nini. Wanawake waligeuka kumtazama. Kagoya alikuwa anafungua kitabu cha nyimbo, anatafuta namba.

Niliamini maneno ya mchungaji. Nilikuwa nimeanza hata kuyaandika, kwa sababu nilitaka sana yawe kweli: mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, mtoto akamgeuka, na yeye bado anapangusa majani vumbi. Niliandika kurasa kadhaa za namna hiyo. Lakini kila asubuhi, kupitia dirishani, niliuona uso wake akiwa pale, na uso ule sikuweza kuuweka kwenye kurasa zangu. Haukuwa wa mtu anayesamehe. Ulikuwa wa mtu anayehesabu watoto waliorudi kutoka shule.

Mwezi wa pili ulikuwa mkali mwaka huu. Nyasi ziligeuka vumbi, na maji tulikuwa tunayafuata mbali kwa sababu chemchemi haikuwa yetu tena. Hata hivyo kila asubuhi sufuria ilishuka. Siku moja nilivaa viatu nikamfuata. Nilimkuta kwenye ile kona, mahali mpaka unapopinda, amechuchumaa, anamwaga tone la mwisho shinani. Sikumsalimia, nilijua haitiki. Nilimuuliza swali moja tu, lile nililokuwa nimelibeba mwaka mzima.

"Mama, mpaka huu ndio uliokunyang'anya. Kwa nini unaumwagilia?"

Aligeuza jani la mwisho, akatazama upande wa chini, akalipangusa.

"Ukikauka," alisema, "Konradi atakuja kupanda mwingine."